Vipande Viwili vya Chungwa

Brenda aliponiomba niwaandikie walimu wapya "mambo mawili matatu" ya chekechea, nilimwambia mimi si mtu wa kuandika. Mimi ni mtu wa kuimba, kukata karatasi na kufuta makamasi. Akanijibu, "Tichaa Njoki, andika tu vile huwa unaongea." Basi ndivyo nilivyofanya. Mkiona nimerukaruka mlaumuni yeye, ambaye sasa anakalia kiti changu na nasikia ameshahamisha kabati langu kutoka pembeni, mahali lilipokaa miaka yote hiyo bila kumsumbua mtu.

Sitawaambia nilipanda cheo lini wala nililipwa nini. Mwalimu wa chekechea ana cheo kimoja tu, nacho ni "Tichaa". Mzazi anaweza kuwa meneja wa benki kule Upper Hill, lakini mtoto wake wa miaka mitano akisema "Tichaa amesema", mjadala umekwisha. Mtoto wa umri huo hukuamini hata pale usipojiamini mwenyewe. Ni heshima kubwa, tena ni mzigo, na mimi nilichukua muda mrefu kuuona huo mzigo.

Nilifika katika shule yetu mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nikitoka kufundisha darasa la sita na la saba kule kwetu Kikuyu. Nilidhani nimepata kazi ya kupumzikia. Shule ilikuwa vyumba vitatu nyuma ya kanisa, hapa Hurlingham, na uwanja mdogo wenye bembea mbili, moja imekatika kamba. Siku ya kwanza nilivaa viatu vipya vya ngozi. Kabla ya saa nne mtoto mmoja alikuwa amevitapikia uji, wawili walikuwa wamenilalia mapajani, na mwingine aliniuliza mimi ni nyanya ya nani. Mwalimu mkuu, Bi. Atieno, alichungulia mlangoni, akaviangalia viatu, akasema, "Sasa umeajiriwa."

Bi. Atieno alikuwa mwanamke mrefu, mzito wa maneno. Watoto wakipiga kelele, yeye alinong'ona, nao wakanyamaza ili wasikie anasema nini. Nimeijaribu mbinu hiyo kwa miaka na haikunifaa hata mara moja, maana sauti yangu ni ya kuitia ng'ombe. Lakini karibu kila kitu kingine ninachokijua kuhusu watoto wadogo nilikipata kwake, hasa somo la vyakula.

Somo hilo nililianza vibaya. Nilikuta chati ya kununuliwa imebandikwa ukutani, picha nzuri za rangi, matufaha, jibini, zabibu, na kitu fulani cha kijani kama kichaka. Mtoto akaniuliza, "Tichaa, hii ni nini?" Sikuwa nimekila maishani, kwa hiyo nikamwambia ni mti mdogo wa kuliwa. Bi. Atieno alikuwa amesimama nyuma yangu. Jioni aliibandua chati ile, akaikunja, akaniambia, "Fundisha chakula wanachokijua. Kesho pitia sokoni kabla ya kuja."

Nikapitia soko la Kawangware. Nilikuja na kikapu cha ndengu, mayai, omena, viazi vitamu, mahindi, mboga za majani kama terere, managu na sukuma wiki, pamoja na karoti na machungwa. Watoto walivishika, wakavinusa, wakavilamba vile ambavyo havikupaswa kulambwa. Msichana mmoja aliyeletwa na dereva kutoka Kitisuru aliinua omena moja kwa vidole viwili akapiga kelele, "Iko na macho!" Mwenzake wa Kawangware akaichukua, akaitia mdomoni hivyo hivyo ikiwa kavu, akamwambia, "Sasa haina." Hapo nikajua somo limeshika.

Chombo changu kikuu kilikuwa vifuniko vya chupa za soda. Nilivikusanya kwenye vibanda, nikavipaka rangi iliyobaki milango ya kanisa ilipopakwa. Njano ni vyakula vya kutia nguvu, kama ugali, wali na viazi. Nyekundu ni vya kujenga mwili, maharagwe, mayai, samaki, nyama. Kijani ni vya kulinda mwili, yaani mboga na matunda. Saa sita kila mtoto alifungua mkebe wake wa chakula, akaangalia kuna nini, akapanga vifuniko kando yake. Aliyeleta mukimo siku ya kwanza alitaabika sana. Alishika vifuniko vyote vitatu mkononi akiniuliza aviweke wapi, kwa sababu viazi, mahindi na mboga vyote vimepondwa pamoja.

Walichokipenda zaidi ni mchezo wa askari. Niliwaambia mboga na matunda ni askari wa mwili. Ugonjwa ukija mlangoni, askari wanaufukuza. Mmoja alikuwa ugonjwa, akaja akikohoa mpaka mlangoni, na darasa zima likawa mchicha na machungwa, likamsukuma nje huku likipiga kelele, "Toka! Toka!" Hakuna siku ugonjwa ulishinda. Nami niliufurahia mchezo ule kuliko wao.

Mtoto ambaye mkebe wake ulikosa kifuniko kimoja nilimwandikia mzazi wake katika daftari la mawasiliano, kwa kalamu nyekundu: "Kijani hakipo," au "Nyekundu haipo." Wazazi walinijibu kila aina ya majibu. Mmoja aliandika kwamba mayai yamepanda bei na kama ninayo ya bei nafuu nimjulishe. Mimi nilijiona nafanya kazi nzuri. Samaki mkunje angali mbichi, nilisema, na wazazi nao niliona bado wanakunjika.

Ndipo akaja Zuhura. Alikuwa na miaka mitano, mdogo wa mwili, macho makubwa, na Kiswahili kilichotuaibisha sote. Watu wao walikuwa wa Mombasa. Baba yake aliuza vitambaa katika duka la watu katikati ya mji, karibu na msikiti, nao walipanga vyumba viwili nyuma ya maghorofa, kama dakika kumi kutoka shuleni. Siku ya kwanza aliniamkia "Shikamoo Mwalimu" na darasa zima likageuka kumtazama. Baada ya wiki moja naye alikuwa anasema "Tichaa" na "sasa", na nikaona huruma kidogo.

Mkebe wa Zuhura ulikosa kijani. Wali ulikuwepo, maharagwe au samaki vilikuwepo, kijani hakuna. Nikaandika. Siku ya pili hakuna, nikaandika. Baba yake akajibu kwa mwandiko mzuri uliolala upande mmoja: "Mwalimu, salamu sana. Mchicha nimeutia mwenyewe asubuhi. Ahsante." Nikaangalia mkebe, mchicha hakuna. Tukaendelea hivyo kwa siku kadhaa, mimi na kalamu yangu nyekundu, yeye na salamu zake. Mwishowe nikamwandikia: "Baba Zuhura, mchicha wa daftarini hauliwi. Utie kwenye mkebe." Nilimwonyesha Brenda, ambaye wakati huo alikuwa msaidizi wangu, msichana aliyetoka chuoni juzi tu, tukacheka mpaka tukashika mbavu. Nikikumbuka kicheko kile hata leo naona haya.

Kesho yake, Ijumaa, Baba Zuhura alikuja mwenyewe asubuhi. Amevaa kanzu tayari kwa sala ya mchana, mkebe mkononi, binti yake kando. Hakuwa na hasira. Aliuweka mkebe mezani kwangu akaufungua. Wali ulikuwa umeshikana na maharagwe yameungua kidogo, lakini pembeni kulikuwa na mchicha, na juu yake vipande vya chungwa vilivyomenywa vizuri.

"Mwalimu, mimi kupika si hodari," akasema. "Lakini mwongo si mimi."

Nikamwambia nimeona, anisamehe. Kisha, kwa kujifanya mcheshi, nikamuuliza kwa nini mama asishike jiko.

"Mama yake hayupo nyumbani kwa sasa," akajibu, akaufunga mkebe.

Mimi nikafikiri ni mambo ya ndoa. Sisi walimu tukiambiwa mama hayupo, papo hapo tunamwona na sanduku lake stendi ya basi. Kuuliza si ujinga, lakini siku hiyo nilijiona mwerevu, nikanyamaza. Saa sita ilipofika, Zuhura alifungua mkebe ule ule nilioukagua kwa macho yangu. Wali na maharagwe vilikuwepo. Mchicha na chungwa havikuwepo.

Sasa nikawa na mwizi darasani. Nikamshuku Kevin, ambaye alikuwa na sifa ya kuonja vya watu, nikamhamishia peke yake kando ya ukuta. "Tichaa, mimi sijakula kitu ya mtu, haki ya Mungu," akasema, machozi yakimlengalenga. Sikumwamini yeye pia. Kwa wiki ile moja nilikuwa nimewafanya waongo watu wawili wasio na hatia, mmoja wa miaka mitano.

Jumatatu Brenda aliingia darasani ameshika pua. "Tichaa, kuna kitu inanuka huku kwa mabegi. Si ni panya imekufa?"

Tukayashusha mabegi kwenye misumari moja moja. Katika begi la Zuhura, chini ya sweta, kulikuwa na mfuko wa plastiki uliofungwa mafundo matatu. Ndani mlikuwa na mchicha wa siku nyingi uliogeuka mweusi, na vipande vya machungwa vilivyoota ukungu. Brenda alikuwa tayari ananyoosha mkono aupeleke jalalani. Zuhura aliona kutoka bembeani. Alikuja mbio, akaushika mfuko kwa mikono miwili.

"Usitupe! Ni vya mama."

Nikachuchumaa. Nikamuuliza mama yuko wapi.

"Yuko hospitali. Ile kubwa ya kule juu. Baba alinipeleka Jumapili lakini wakasema watoto hawaingii. Sasa nangoja Jumapili ingine."

"Na kwa nini usile wewe, mwanangu?"

"Mimi si mgonjwa." Akanitazama kana kwamba mimi ndiye mtoto. "Wewe ulisema hivi ni askari. Mimi sina ugonjwa wa kufukuza. Mama anao."

Nilimkumbatia pamoja na mfuko wake na harufu yake, na Brenda akatoka nje akasimama ukutani analia. Baadaye nilimwomba Kevin msamaha mbele ya darasa zima. Alifikiri kidogo akasema, "Ni sawa, Tichaa. Lakini usirudie."

Jioni Baba Zuhura aliketi kwenye kiti cha watoto, magoti yakimfika kidevuni, maana viti vingine hatukuwa navyo. Nilimwonyesha mfuko. Aliupokea akauweka mapajani. Akatuambia mkewe ana saratani ya tumbo na amelazwa tangu mwezi uliopita. Hakutuambia mapema kwa sababu aliona ya nyumbani hayaletwi shuleni.

"Kila siku nikimuuliza umekula, ananambia nimekula," akasema. "Kumbe mwanangu anashinda na wali mtupu."

Nilimwomba radhi kwa lile neno la daftarini. Akasema lilimchoma kweli, lakini pia lilimfanya ajifunze kupika mchicha. Mimi nilitaka tumkalishe Zuhura tumweleze kwamba mchicha hautibu saratani, tumalize. Bi. Atieno, aliyekuwa ameegemea mlango muda wote, akanong'ona kama kawaida yake, "Hospitali imemkataza kumwona mama yake. Msimkataze na kumlisha. Mpeni kazi inayowezekana."

Ndivyo tulivyopanga. Chungwa la Zuhura likawa linakatwa vipande vinane. Sita vyake, viwili vya mama. Vya mama vilitiwa katika mkebe mdogo wa majarini, na jioni baba alivipeleka saa ya kuona wagonjwa. Sharti lilikuwa moja: mama anakula vyake ikiwa Zuhura amekula vyake, pamoja na mchicha. Kuhusu askari hatukusema lolote. Hilo ndilo kosa langu la pili, baada ya mchezo wenyewe, na lilikuwa kubwa kuliko la kwanza, kwa sababu hili nililifanya nikijua. Nilijiambia mtoto anakula, yatosha.

Na kweli alikula. Kila asubuhi alikuja na mkebe wa majarini, akaufungua kunionyesha kwamba ni mtupu, halafu akanipa habari. "Mama amesema lilikuwa tamu." Siku moja mama alisema lilikuwa kali kidogo, na Zuhura alimkemea baba yake langoni mbele ya wazazi wengine, kwamba machungwa hayanunuliwi bila kubonyezwa. Mashavu yake yakajaa. Vifuniko vyake vikawa vitatu kila siku, na cha kijani alikigongesha mezani kwa kishindo ili sote tusikie.

Mimi nilikwenda kumwona mama yake mara moja, saa ya mchana. Alikuwa mwanamke kijana, amejifunika leso juu ya shuka la hospitali, na macho ni yale yale ya Zuhura. Nilipojitambulisha alicheka. "Wewe ndiye Tichaa amesema."

"Ndiye mimi."

"Anakula?"

"Anakula. Hata mchicha. Anakula kwa ajili yako."

Alivuta leso mpaka kifuani. "Basi na mimi nala kwa ajili yake," akasema. "Havishuki vizuri, Mwalimu, lakini nala." Nilitoka pale nikatembea kwa miguu mpaka Hurlingham bila kuona barabara.

Baada ya wiki kadhaa Baba Zuhura alinisubiri langoni watoto walipokwisha kuingia. Alikuwa amekonda yeye pia. Alitazama huku na huku akanambia kwa sauti ndogo, "Mwalimu, siku hizi hawezi kumeza kitu. Maji kwa kijiko tu. Mimi nakaa benchi ya nje, vile vipande nala mimi, kisha nawaza. Nikivirudisha, Zuhura atajua. Nikivitupa, mkono haukubali. Nimefanya vibaya?"

"Hapana, Baba Zuhura," nikamwambia. "Kula. Na wewe una mwili wa kulindwa."

Nilisema hivyo bila kufikiri sana, kwa kumhurumia. Alinishukuru kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani, akaenda zake kazini. Asubuhi ziliendelea kama kawaida. Zuhura alifungua mkebe, ukawa mtupu, akasema mama amesema lilikuwa tamu. Nami niliitikia kwa kichwa nikasema vizuri sana.

Mama yake alifariki Jumanne alfajiri, akazikwa siku hiyo hiyo alasiri. Mimi, Brenda na Bi. Atieno tulikwenda kuwapa pole jioni. Viatu vilijaa mlangoni, akina mama wamekaa kwenye mikeka, na Zuhura alikuwa amelala mapajani mwa shangazi yake aliyefika kutoka Mombasa. Hakuamka tulipokuwepo, na namshukuru Mungu kwa hilo, maana nilikuwa namwogopa. Mimi, mwanamke mzima, nilimwogopa mtoto wa miaka mitano.

Hakuja shule kwa karibu mwezi. Katika muda huo sikufundisha vyakula. Niliibandua chati yangu, ile tuliyoichora wenyewe badala ya ile ya kununuliwa, nikaificha nyuma ya kabati. Watoto wakiomba mchezo wa askari niliwaambia leo tunaimba.

Bi. Atieno akaniuliza chati iko wapi. Nikamwambia imechanika.

"Nimeiona nyuma ya kabati. Haijachanika," akasema. "Njoki, yule mtoto akirudi atakuuliza. Usimwache ajijibu mwenyewe."

Alirudi Jumatatu moja, kama kawaida, amefungwa nywele vizuri kuliko baba yake angeweza, nadhani ni kazi ya shangazi. Alicheza kidogo, akaimba kidogo. Saa sita alifungua mkebe wake na wenzake wakafungua yao. Alikula wali. Alikula samaki. Chungwa hakuligusa, wala hakupanga vifuniko. Nikasubiri watoto watoke kucheza, nikaketi kando yake kwenye vile viti vya kukunja magoti.

Alivihesabu vipande kwa kidole. Vinane.

"Tichaa, vilikuwa vichache?"

"Nini vilikuwa vichache?"

"Vya mama. Viwili ni vichache? Ningempa vyote nane?"

Kabla sijapata pumzi akaendelea, na sauti yake ikawa ndogo sana. "Au ni kwa sababu baba alivila? Nilijua. Akija kunibeba kwa jirani usiku mikono yake ilinuka chungwa. Mama alikuwa anangoja askari na baba akawala."

Walimu wangu, nimesimama mbele ya wakaguzi, mbele ya wazazi wenye magari makubwa, mbele ya mtoto aliyejichomeka shanga puani mpaka ikapotea. Sijawahi kuogopa kama siku ile. Niliona wazi kilichokuwa kinataka kutokea: mtoto huyu atakua akiamini kwamba baba yake alimlia mama yake dawa, na ni mimi niliyempa imani hiyo, kwa mchezo wa kupendeza, watoto wakipiga makofi.

"Nisikilize, Zuhura," nikasema. "Baba alivila kwa sababu mimi nilimwambia avile. Ni mimi."

Akanikazia macho. "Kwa nini?"

"Mama alikuwa hawezi tena kumeza. Alipokuwa anaweza alivila vyote, na aliniambia mimi mwenyewe anakula kwa ajili yako. Nilikwenda nikamwona. Halafu koo likakataa. Hata kama ungempa nane, hata kama ungempa gunia, asingeweza. Na baba alikuwa hali kitu siku nzima. Nikamwambia kula."

"Lakini ulisema askari wanafukuza ugonjwa."

"Nilisema. Nilifundisha nusu ya somo, nusu nyingine nikaiacha. Chakula kizuri husaidia mwili. Hakiwezi kila kitu. Kuna ugonjwa ambao ni mkubwa kuliko machungwa yote ya Kawangware, na ule wa mama ulikuwa hivyo. Si wewe uliyempa vichache. Si baba aliyevila. Mimi ndiye sikukuambia, na ninakuomba msamaha."

Hayo maneno mawili, kwamba chakula kizuri husaidia mwili na hakiwezi kila kitu, ndiyo nimeyafundisha kila mwaka tangu siku ile mpaka nilipostaafu. Najua la pili haliimbiki. Brenda amejaribu kulitungia wimbo akashindwa. Lifundisheni hivyo hivyo bila wimbo, na mtoto akikosa kifuniko, msiandike chochote daftarini kabla ya kumuuliza.

Zuhura alilitazama chungwa lake, kisha akalia. Kwa mujibu wa shangazi yake ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi. Alinililia kifuani mpaka blauzi ikalowa, na nilimwacha, na mimi nikalia bila kujificha. Watoto waliorudi kunywa maji walisimama mlangoni wakatuangalia, Kevin akawaambia, "Twende, wako na kazi," akawafungia mlango.

Alipokwisha alijifuta kwa sweta. Akala kipande kimoja cha chungwa, halafu cha pili, pole pole, mpaka sita. Viwili vilivyobaki akavirudisha kwenye mkebe akaufunika. Nilidhani tumerudi tulipotoka, lakini nikamwacha.

Saa tisa na nusu baba yake alikuja kumchukua, amechoka, mikono ina vumbi la vitambaa. Zuhura alitoka mbio mpaka langoni. Alifungua mkebe akauinua kwa mikono miwili mpaka usawa wa kifua chake.

"Hivi ni vyako," akamwambia. "Kula hapa hapa."

Baba Zuhura alinitazama. Nami nilikuwa nimesimama mlangoni na macho yangu mekundu, nikaitikia kwa kichwa kwamba Zuhura ameshajua yote. Alichuchumaa pale pale kwenye changarawe, watu wakipita, akachukua kipande cha kwanza akala, akachukua cha pili. Maji ya chungwa yalimtiririka kwenye mkono, yeye analia na kutafuna. Zuhura alimtazama mdomoni mpaka akameza vyote viwili, akamfuta kidevu kwa sweta yake, wakashikana mikono wakaenda nyumbani.